Dakika 10 Tulizonyimwa

Mwaka jana vijana wa bloku yetu waliomba dakika 10 jukwaani Juni 20, Siku ya Wakimbizi Duniani. Wana magitaa mawili, ngoma, na mmoja anayeimba kwa kunguruma. Wakakataliwa. Ati hiyo siyo asili yao, ni mambo ya Wazungu. Walete sketi za majani. Wachungaji nao wakaongeza: ya shetani. Aliyekataa simtaji, maana si yeye peke yake.

Sasa tuongee, ndugu zetu wa mashirika.

Mimi kabla ya kuvuka Busia nilibeba mizigo Tororo miezi miwili. Jirani, mzee wa Kiteso, alikuwa anapiga akogo usiku. Wateso wako Uganda, wako Kenya, mpaka umewakata katikati, lakini akogo haigongwi muhuri. Mkisikia hiyo mnasema asili. Sawa. Kwetu Kongo tuna likembe, na vyuma vyake huvishwa vipete ili vikwaruze. Makusudi! Konono N°1 wa Kinshasa wakaiunganisha na maikrofoni walizojitengenezea kwa sumaku za magari mabovu, ikatoka sauti chafu kuliko gitaa lolote la hawa vijana. Dunia nzima iliwapigia makofi. Basi mkwaruzo ni wa nani?

Mnataka wa karibu? Mwaka 2020 Martin Khanja na Sam Karugu, vijana wa Nairobi, walitoa albamu ya Duma, waliyoirekodi Kampala, ikatoka Nyege Nyege Tapes. (Siyo yule mnyama. Wenyewe wanasema ni Kikikuyu, maana yake giza.) Ni mayowe na mashine kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mimi mara ya kwanza nilizima. Mwaka 2024 Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, akatoa The Adept, akaitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima wa Mau Mau, mzee wa ukoo wake. Huyo naye mtamwambia hajui asili?

Na wachungaji, baba zetu, kwa heshima: huyu anayenguruma mlimzikia mama yake njiani. Kanisani analia kimya kwa sababu mnamwambia anyamaze. Kwenye gitaa halii kimya. Hilo ndilo linawaudhi?

Juni inakuja tena. Tunaomba zile dakika 10, na soketi yenye stima.