Hatuombi mbao tena, tunaomba pesa ya mchoro

Kila mwaka ni wimbo ule ule. Mvua ya Machi inaanguka, maji inashuka ku milima ya Kalehe, na barabara ya Goma kwenda Bukavu inakatika. Kiisha siku mbili tatu wakubwa wanafika na magari, wanaangalia, wanapigwa foto, wanaahidi. Vijana wanakata miti, wanalaza mbao juu ya mto, na Fuso zinaanza kupita moja moja. Mvua ya Septemba inarudi, mbao zinaenda na maji. Tunaanza tena.

Sisi wa sendika ya wachimbaji tunasema: basi. Tunaomba serikali iweke pesa ku kazi ya kwanza kabisa, ile mainjinia wanaita étude: kupima mto, kupima udongo, kuchora daraja na kuandika bei yake. Kwa watu wengi hiyo ni karatasi tu. Kwetu sisi, njo msingi.

Tukumbuke tarehe 4 Mei 2023. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi. Maji ilishuka na mawe na matope juu ya Nyamukubi na Bushushu. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Barabara ya taifa nambari 2 ilikatika. Hatusemi kama daraja nzuri ingeokoa wote. Tunasema kama baada ya msiba wa namna ile, kurudisha mbao bila kupima kitu ni kuwadharau waliokufa.

Mtu wa mbali anaweza kuuliza: daraja na wachimbaji, inahusiana nini? Inagusa mfuko wetu moja kwa moja. Kasiterite na koltani ya Numbi na Nyabibwe hailishi mtu ikiwa bado iko ku kilima. Lazima ifike Goma ao Bukavu, ku kontwari. Daraja ikikatika, gari moja inasimama upande huu, ingine inangoja upande ule, na katikati ni wapagazi. Kupakua ni pesa, kubeba ni pesa, kupakia tena ni pesa. Negosia haitoi hiyo pesa ku mfuko wake: anaiondoa ku bei ya kilo yako. Kiisha wewe mchimbaji unaenda ku soko, unakuta unga, mafuta na sabuni vimepanda bei, sababu navyo vimevuka ku kichwa cha mtu. Daraja iliyoanguka tunailipa mara mbili: tukiuza na tukinunua.

Na kuko deni ingine ambayo haihesabiwi na makuta. Shimo likibomoka, mwenzetu anatolewa na mguu umevunjika. Tunamlaza ku tipoy, tunakimbia. Tukifika ku mto, daraja hakuna, tunangoja maji ipungue. Mama mwenye uchungu wa kuzaa anangoja pale pale pamoja na sisi.

Juu ya nini mbao hazidumu? Milima ya Kalehe imesimama karibu sana na ziwa. Mvua ikinyesha kule juu, maji inafika chini kwa muda mfupi, na haiji peke yake: inaleta mawe, magogo na udongo wa vilima visivyo na miti. Daraja fupi ya chini inakuwa kama kizibo ku chupa. Magogo yanaziba, maji inatafuta njia pembeni, inakula udongo unaoshika daraja, na daraja inaanguka hata kama mbao zenyewe ni nzima. Ukirudisha daraja ya kipimo kile kile mahali pale pale, umerudisha ajali ile ile.

Étude ya kweli inajibu maulizo ambayo seremala hawezi kujibu. Ku mvua kubwa kuliko zote, maji ilipanda mpaka wapi? Wazee wa kijiji wanaweza kuonyesha lile jiwe, waulizwe. Mwamba uko mita ngapi chini, ili nguzo isimame juu yake na si juu ya matope? Fuso yenye kujaa inapima tani ngapi? Daraja ya chuma ya Bailey inatosha kwa sasa, ao tunahitaji ya betoni? Kule juu ku kilima tupande miti gani, tujenge kingo wapi? Na mwisho: bei ni ngapi, kitu kwa kitu? Hii ya mwisho njo inaogopesha wengi, sababu bei ikiisha kuandikwa, mwizi anaonekana.

Tunasikia tayari wenzetu ku shimo wakisema: karatasi haivukishi mtu, hiyo pesa itakuliwa ku mahoteli. Woga huo una sababu. Étude ya daraja kati ya Kinshasa na Brazzaville ilipata pesa ya Banki ya Maendeleo ya Afrika, na miaka mingi imepita watu wakiendelea kuvuka mto kwa boti. Ndiyo, karatasi peke yake haijengi. Lakini mfadhili gani wa maana anatoa pesa ya kujenga daraja kubwa bila kuona hiyo karatasi? Mwenye hana mchoro hata kwenye mstari haingii.

Tuangalie jirani. Jinja, Uganda, barabara ilikuwa inavuka Nile juu ya bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Liliendelea kubeba magari, lakini lilikuwa limechoka. Hawakungoja lianguke. Wajapani walifanya uchunguzi mwaka 2009, jiwe la msingi likawekwa 2014, na daraja mpya ikafunguliwa Oktoba 2018, kwa mkopo wa Japani na pesa ya Uganda yenyewe. Mchoro ulianza wakati njia ya zamani ilikuwa bado inapitisha watu. Sisi tunaanza kufikiri wakati mbao ziko tayari ndani ya ziwa.

Pesa itatoka wapi? FONER iko, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2008, na inakula ku mafuta ya gari na ku peaje. Lakini kazi yake ni kutunza barabara. Daraja mpya ku barabara ya taifa ni kazi ya serikali kuu, na pesa ya mchoro wake lazima iandikwe ku bajeti, na jina lake, si kufichwa ndani ya « kazi zingine ». Tena sheria ya madini ya 2018 inagawanya redevance hivi: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa mkoa, 15% kwa sekta ao cheferi ambako madini inatoka, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Sisi tunaochimba tuna haki ya kuuliza: ku hiyo mafungu, ngapi imerudi ku mto? Mwaka 2012 mifuko ya Kalimbi, pale Nyabibwe, ilianza kufungwa lebo ili dunia ijue madini inatoka wapi. Vizuri. Ikiwa wanaweza kufuata mfuko wa kasiterite mpaka ng'ambo, wanaweza pia kufuata franga ya daraja.

Wengine watasema: ngojeni vita iishe kwanza. Tunajua vita kuliko wao. Lakini mahali ambapo injinia anaweza kufika leo, afike leo. Siku amani itarudi, kila mkoa utanyoosha mkono, na mwenye mchoro tayari atapata wa kwanza.

Kwa hiyo tunaomba vitu vitatu. Kwanza, pesa ya étude ya madaraja ya Kalehe iandikwe ku bajeti ya taifa. Katiba inaomba serikali ipeleke bajeti ku Bunge kabla ya tarehe 15 Septemba kupita; basi wabunge wetu wasingoje Oktoba kuanza kulia. Pili, mkoa na cheferi ya Buhavu watoe sehemu ku fungu lao la madini, hata ndogo, ili daraja iwe na wenyewe. Tatu, mchoro ukiisha, ubandikwe ku soko na ku kartali, na bei yake, kwa Kiswahili, mama anayeuza ndizi asome.

Sisi wachimbaji hatukatai kazi. Ikiitwa salongo tutabeba mawe, tutapanda miti, tutachimba msingi. Kuchimba njo tunajua. Lakini mutuonyeshe kwanza tuchimbe wapi, na mita ngapi.