Mungu Asiye na Uwezo: Utetezi wa "The Aztecs"

Ipo kasumba miongoni mwa baadhi ya wahakiki ya kuigawa sanaa mafungu mawili: ile iliyochapishwa, ambayo hustahili kuhakikiwa, na ile iliyoonyeshwa kwenye televisheni, ambayo hustahili kupuuzwa. Kasumba hiyo ikipingwa, huzuka nyingine: kwamba tamthilia ya Kiingereza ambamo mwanamke mzungu anaabudiwa na wenyeji ni ya kikoloni, na kwa hiyo hapana haja ya kuitazama. Hukumu zote mbili zinaweza kupimwa kwa kazi moja, "The Aztecs", iliyotungwa na John Lucarotti na kuonyeshwa na BBC kwa sehemu 4 kati ya Mei 23 na Juni 13, 1964, katika msimu wa kwanza wa mfululizo wa Doctor Who.

Chombo cha Daktari kinatua ndani ya kaburi la kuhani Yetaxa, huko Mexico, kabla ya kuja kwa Wahispania. Barbara Wright, mwalimu wa historia kutoka London, anavaa bangili ya marehemu, na anapotoka kaburini anadhaniwa kuwa Yetaxa aliyezaliwa upya. Anaazimia kuutumia uungu huo wa bahati kukomesha kafara za binadamu. Hoja yake ni kwamba Wahispania wakiukuta ustaarabu huo hauna doa, hawatauangamiza. Daktari anamkanya: historia haiandikwi upya.

Hapa ndipo mhakiki mwenye pupa anapozima televisheni na kutoa hukumu. Lau angestahimili, angeona Barbara akipiga marufuku kafara ya kwanza, na aliyekuwa atolewe kafara, kwa kuona heshima yake imevunjwa, akijirusha kutoka juu ya hekalu. Anakufa, na mvua inanyesha. Imani iliyokusudiwa kung'olewa inazidi kuota mizizi. Je, ni kazi gani ya kuutukuza ukoloni inayomwumbua mstaarabishaji wake mapema namna hii?

Zaidi ya hayo, anayeng'amua hila ya Barbara ni Tlotoxl, kuhani wa kafara. Ni kweli kwamba amesawiriwa kama mwovu wa jukwaani, nduguye Richard III wa Shakespeare; lakini ndiye mwenye ukweli. Barbara si mungu, na Tlotoxl anajua. Wema umejengwa juu ya uongo, na ukweli umewekwa kinywani mwa mwovu. Kinaya hicho hakipatikani katika propaganda.

Autloc naye, kuhani wa maarifa, anamwamini Barbara, anapoteza imani ya wazee wake na kuishia nyikani. Barbara anafarijiwa na Daktari kwamba, ijapokuwa hakuukomboa ustaarabu mzima, alimsaidia mtu mmoja. Msomaji wa Kenya, ambaye fasihi yake imejaa watu waliotengwa na kwao kwa kuipokea dini ya mgeni, anaijua bei ya msaada huo.

Kasoro zipo, na kuzificha ni kuusaliti uhakiki. Wenyeji wote wameigizwa na Waingereza. Aidha, hoja ya Barbara inachukulia kwamba dola huangamiza kwa sababu ya kuchukizwa na maovu. Tenochtitlan ilipoanguka mwaka 1521, dhahabu ilikuwa na usemi mkubwa kuliko maadili. Hata hivyo, kasoro hizo huonekana kwa aliyetazama, si kwa aliyehukumu mlangoni.

Wapo wanaomsifu Katama Mkangi, na kwa haki, kwa kumrusha Dzombo angani katika Walenisi (1995) ili kuihakiki jamii ya ardhini, na papo hapo wanakibeza chombo cha Daktari kuwa mchezo wa watoto. Fantasia haiwezi kuwa falsafa ikiwa katika kitabu na upuuzi ikiwa kwenye skrini. "The Aztecs" ilionyeshwa miezi 5 tu baada ya Kenya kujitwalia uhuru, kwa hadhira ya nchi iliyokuwa ikiikunja bendera yake bara hadi bara, nayo iliiambia hadhira hiyo kwamba nia njema ya mgeni haitoshi. Mwanafunzi anayefundishwa kuibandika kazi kama hiyo jina la "kikoloni" na kupita zake hajafundishwa kuupinga ukoloni, amefundishwa kutosoma.