Mabasi ya umeme yaundwa Thika, lakini nani amemuuliza dereva?

KWA karibu nusu karne, kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers (KVM) katika Eneo la Viwanda la Thika kimejulikana kwa malori na mabasi ya dizeli. Kilianza mwaka 1974 kikiitwa Leyland Kenya, na vizazi kadhaa vya mafundi vimestaafu humo vikiwa vimezoea harufu ya grisi na mngurumo wa injini.

Sasa katika viwanja hivyo hivyo yanaunganishwa mabasi yasiyo na injini, yasiyo na klachi wala ekzosi.

Mjadala wa umma kuhusu mabasi haya umejikita katika mambo matatu: bei, kodi na vituo vya kuchaji betri. Hayo ni muhimu. Hata hivyo, kuna mtu mmoja ambaye hatajwi sana katika hotuba za uzinduzi, naye ndiye anayekaa usukanini kuanzia alfajiri hadi usiku. Kwake yeye mabadiliko haya ni zaidi ya aina ya nishati. Kazi ya mikono na miguu yake imepangwa upya.

Safari hii ilianza Machi 2022, kampuni ya BasiGo ilipoleta Nairobi mabasi mawili ya majaribio aina ya BYD K6, yenye viti 25. Baadaye likaja basi kubwa zaidi la viti 36, E9 Kubwa, kutoka kampuni ya King Long ya China, na mwaka 2024 kazi ya kuliunganisha ikawekewa sehemu yake maalumu KVM. Kampuni ya Roam, iliyokuwa ikiitwa Opibus, nayo ilishirikiana na kiwanda hicho kuunda basi lake, Roam Move.

Sifa ya kwanza inayotolewa na madereva walioyaendesha mabasi ya aina hii ni utulivu. Anayetoka Makongeni asubuhi, akapita Juja, Ruiru na Githurai hadi katikati ya Nairobi, hukanyaga klachi mamia ya mara msongamano unapomkaba. Katika basi la umeme klachi haipo. Hakuna gia ya kupandisha wala kushusha, na mtetemo unaochosha mgongo umepungua mno. Mtu anayefanya kazi saa 12 au zaidi kwa siku hawezi kuidharau nafuu hiyo.

Lakini raha hiyo ina masharti. Katika basi la dizeli, breki ni breki na mafuta ni mafuta. Katika gari la umeme, dereva akiinua mguu kwenye kanyagio la mwendo, mota hugeuka kuwa jenereta, hurejesha umeme kwenye betri na wakati huo huo hupunguza kasi. Aliyezoea kuachilia gari liserereke mteremkoni hushtuka linapojizuia lenyewe. Abiria aliyesimama mlangoni akijiandaa kushuka huyumba, na lawama humwangukia dereva.

Kuna jambo jingine lisiloonekana kwa macho. Betri iliyojaa haina nafasi ya kupokea umeme unaorejeshwa. Kwa sababu hiyo, katika magari mengi ya umeme, nguvu hiyo ya kupunguza kasi hudhoofika wakati chaji imejaa, isipokuwa mtengenezaji awe ameliwekea tatizo hilo dawa. Gari lililochajiwa usiku kucha linaweza kujibu mguu wa dereva kwa namna moja saa kumi na moja alfajiri, na kwa namna nyingine saa nne. Asiyeelezwa siri hiyo atadhani gari lina kasoro, au atajifunza mahali pabaya, nyuma ya lori lililosimama ghafla.

Ukimya nao una pande mbili. Ndani ya basi ni starehe, lakini nje unaweza kuwa hatari. Katika vituo vya Thika na Ruiru, mpita njia, mchuuzi na mwendeshaji bodaboda hutegemea masikio kuliko macho, na mngurumo wa injini ndio humwambia kwamba gari linarudi nyuma. Ulaya ililitambua tatizo hilo, na tangu Julai 2021 kila gari jipya la umeme linalouzwa huko lazima litoe sauti ya tahadhari linapokwenda polepole. Katika stendi zetu, penye makelele kuanzia macheo hadi machweo, haja hiyo ni kubwa zaidi.

Kwa magari madogo, mfano ulio karibu ni Nissan Leaf, linaloingizwa kutoka Japani likiwa limetumika. Leaf la kwanza lilitoka mwaka 2010. Mwaka 2017 lilisanifiwa upya, na miongoni mwa mageuzi yake kukawa na mfumo wa e-Pedal unaomwezesha dereva kuondoka, kupunguza mwendo na kusimama kwa kanyagio moja tu.

Wapo wanaousifu mfumo huo kwa sababu hupumzisha mguu katika foleni na huzuia gari lisirudi nyuma mlimani. Wapo pia wanaouzima mara wanapoingia garini, wakisema gari linajizuia kwa nguvu mno na kwamba mguu uliozoea breki kwa miaka 20 haufai kuchanganywa.

Kenya hairuhusu gari lililotumika lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kuanzia Januari 2026, maana yake ni magari ya mwaka 2019 na kuendelea. Leaf la zamani haliingii tena, na mnunuzi wa leo anapata hilo lililosanifiwa upya apende asipende. Tena, mengi yaliundwa kwa soko la Japani na maandishi ya kioo chake ni ya Kijapani. Dereva wa Thika anapokea onyo asiloweza kulisoma.

Watengenezaji wakubwa duniani wamekwisha kulipia kosa la kutomsikiliza dereva. Tesla iliposanifu upya gari lake la Model 3 mwaka 2023, iliondoa mkono wa indiketa na kuweka vitufe juu ya usukani. Madereva walilalamika kwamba katika mzunguko wa barabara usukani unapogeuzwa, vitufe navyo hugeuka, na kidole hakijui tena kipi ni cha kulia na kipi ni cha kushoto. Model Y ilipofanyiwa mageuzi yake mwaka 2025, mkono wa indiketa ulibaki mahali pake.

Volkswagen, ambayo Desemba 2016 ilianza kuunganisha Polo Vivo papo hapo Thika, ilipitia mtihani kama huo. Sehemu za kugusa katika magari yake ya umeme ziliwaudhi wateja, na mwaka 2025 msanifu wake mkuu, Andreas Mindt, alitangaza kwamba vitufe halisi vya shughuli muhimu vinarudi. Nalo shirika la Euro NCAP, linalopima usalama wa magari Ulaya, linataka kuanzia mwaka 2026 indiketa, honi na waipa ziwe na vidhibiti halisi ili gari lipate alama zote katika kipengele hicho.

Kenya yenyewe ina kumbukumbu yake. Februari 2004, kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilianza kutekelezwa. Matatu zikafungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mikanda ya usalama. Nia ilikuwa njema na maisha yaliokolewa. Lakini haikupita muda kabla ya vidhibiti mwendo kuanza kuchokolewa na mikanda kugeuka pambo. Kifaa ambacho mtumiaji wake hakushirikishwa hutafutiwa njia ya kukwepwa.

Katika basi la umeme ukwepaji ni mgumu zaidi, kwa kuwa mwendo unaweza kudhibitiwa na programu ya kompyuta badala ya waya. Ugumu huo unaweza kuwaridhisha wanaotunga kanuni, lakini pia unaongeza wajibu wao. Ikiwa dereva hawezi kuirekebisha hali isiyomfaa, basi pawepo mahali pa kuisemea.

Ni kweli kwamba si kila lalamiko la dereva ni hoja. Mazoea yana nguvu. Mageuzi mengi yaliyopingwa mwanzoni yalikubalika baadaye, na mwenye gari, ambaye ndiye anayetoa pesa, ana haki ya kutazama hesabu zake.

Hesabu hizo zenyewe, hata hivyo, zinamgusa dereva. Katika matatu nyingi za dizeli, mafuta hulipiwa kutokana na mapato ya siku, hivyo anayeendesha kwa upole hubakiwa na chochote mfukoni. BasiGo ilianza kwa mpango wa kulipisha kwa kilomita, shilingi 20 mwaka 2022, malipo yaliyojumuisha betri, chaji na matengenezo. Mpango wa namna hiyo humpunguzia mwenye gari mzigo wa kununua, lakini dereva anayebana umeme kwa ustadi wa mguu wake haoni faida moja kwa moja. Mishahara na marupurupu visipozingatia ustadi huo, utabaki hiari.

Fursa ya kurekebisha mambo ipo, tena ipo Thika. Basi linalowasili likiwa sehemu sehemu kutoka China limekwisha kuamuliwa mengi, lakini bodi inayojengwa hapa inaweza kubadilishwa: mahali pa vioo vya pembeni, urefu wa kiti, upana wa mlango, hata swichi ambayo dereva hulazimika kuinama kuifikia. Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, lina kiwango cha bodi za magari ya abiria, KS 372, na si vigumu kukiongezea mahitaji ya basi la umeme, ikiwemo sauti ya tahadhari na maonyo ya Kiswahili kwenye dashibodi.

Mamlaka ya Usalama Barabarani, NTSA, nayo ina kazi ya kufanya. Mafunzo ya udereva nchini yamejengwa juu ya klachi na gia. Siku chache za mafunzo maalumu kabla ya kukabidhiwa basi la umeme lenye abiria 36, pamoja na utaratibu wa kupeleka maoni ya madereva kiwandani kila baada ya miezi kadhaa, ni gharama ndogo ikilinganishwa na ajali moja katika barabara kuu ya Thika.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wahandisi wa Thika wanakijua kitanda walichokiunda. Dereva ndiye anayekilalia.