Mnauziwa kelele

Wasee, tuongee kuhusu hizi redio za dharura mnauziwa mtandaoni kwa bei ya kodi ya nyumba. Eti iko na "WB", itakupea hali ya hewa saa yoyote. Sawa, kama unaishi Texas. WB ni masafa 7 ya Marekani, kutoka 162.400 hadi 162.550 MHz. Huku kwetu hakuna mtambo unarusha hali ya hewa hapo. Utabonyeza usikie shhhh mpaka asubuhi.

Na hii si mambo ya kuringa na kifaa. Aprili 2024 mto ulipofurika Mathare usiku, nani alikuwa na time ya kutafuta bando? Ile siku ya Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, simu yangu ilizima mapema. Shosho alikuwa anasikiliza taarifa na kiredio chake cha mawe, ananiangalia tu.

Nunua ya FM na AM, inayotumia mawe ya tochi yale ya duka la mtaa. Pesa ikitosha, chukua iliyo na mkono wa kuzungusha. Ile ya kuchajiwa na USB pekee wachana nayo, hiyo ni simu ingine ya kukuzimikia. Na usilipe kabla haijashika stesheni mkiwa hapo hapo dukani. Muuzaji akianza stori za WB, mwambie akushikishie moja. Mimi nilimwambia. Jamaa alihangaika na kifungo dakika tano, halafu akanipunguzia mia mbili.