Wakitualika kwenye mnada wa divai tutaenda, lakini na kalamu mkononi



Kila mwaka, mwezi wa 11, picha zile zile zinarudi kwenye simu zetu: wababa ndani ya kostime, wamama wamependeza, gilasi mkononi, na mtu mmoja mwenye nyundo anapiga mezani. Ni mnada wa divai wa Hospices de Beaune, mji mdogo wa Bourgogne, kule Ufaransa. Na kila mara mmoja wetu anaandika: "Siku moja na mimi nitakaa pale ndani." Wengine wanamrukia na matusi. Sisi tunasema: acheni kutukanana. Wakitualika, tutaenda. Lakini tutaenda na kalamu na karatasi.

Kwanza tuelewane. Mnada ni kuuza kwa sauti: anayetaja bei ya juu ndiye anabeba. Beaune wanauza kwa pipa, siyo kwa chupa. Pipa moja ni litri 228, karibu chupa 300. Na divai yenyewe bado changa, zabibu zilivunwa majuzi tu; itangoja sana ndani ya pipa mbele ya kunywewa. Mnada ulianza mwaka 1859, na unafanywa siku ya Mungu ya tatu ya mwezi wa 11. Feza inaenda wapi? Kwa lopitali. Juu mashamba yale ya mizabibu, karibu hektari 60, ni mali ya lopitali yenyewe.

Tena kuna pipa moja la pekee, wanaliita la Marais. Marais hao ni watu wenye majina, wachezaji wa filamu na wengine, wanaoalikwa kuchochea wanunuzi. Wanawasha mshumaa, na bei inapanda wakati moto unawaka. Feza ya pipa hilo wanawapa mashirika ya msaada. Mwaka 2022 lilifika euro 810 000. Piga hesabu: zaidi ya euro 2 500 kwa chupa moja! Mwaka ule ule, mapipa yote, 802, yaliingiza zaidi ya milioni 28 za euro.

Na nani alianzisha lopitali? Nicolas Rolin, mkubwa wa serikali ya mtawala wa Bourgogne, pamoja na mke wake Guigone de Salins, mwaka 1443. Watu wanasimulia kwamba mfalme Louis XI alifanya mzaha: Rolin alifanya watu wengi kuwa maskini, basi ni haki awajengee nyumba. Iwe kweli, iwe hadithi, sisi wa Congo tunaisikia vizuri sana. Wakina Rolin tunawajua. Wengine tuliwapigia kura.

Wengi wetu wanasimama hapo: matajiri wanakunywa, maskini wanaokota makombo, tumemaliza. Apana, kamarade. Hatujamaliza. Kuna mambo matatu ambayo kamera haionyeshi.

La kwanza: shamba halikuuzwa. Kwa zaidi ya miaka mia tano watu waliachia lopitali ile mashamba yao. Divai inauzwa kila mwaka, lakini udongo unabaki wa lopitali.

La pili: bei inatajwa mbele ya watu. Siku ile ile kila mtu anajua mnada uliingiza ngapi. Siyo mambo ya kunong'onezana ndani ya chumba cha hoteli.

La tatu ndilo kubwa: mgonjwa wa Beaune hangoji mnada. Mama akienda kuzaa pale, bima ya afya ya taifa inalipa. Wafanyakazi wanachanga, wakubwa wao wa kazi wanachanga, sheria inawalazimisha. Mnada ukienda vibaya, hakuna mama atakayezuiliwa kitandani. Feza ya divai inakuja kuongezea: mashine, ukuta, paa. Haki iko chini kama msingi, ukarimu uko juu kama rangi ya nyumba.

Kwetu wamechukua rangi, msingi wakauacha.

Tunaziona karamu zao. Tiketi kwa dola, meza za mbele za wakubwa, muziki, hotuba, kisha magodoro kumi na mbili mbele ya kamera kumi na tatu. Kesho yake wanagawa triko zenye sura ya mtoaji. Na usiku ule ule, kwenye mji ule ule, mama aliyejifungua wiki mbili zilizopita bado amezuiliwa lopitali, mtoto mikononi, juu famiya haijapata feza ya kulipa. Mama yule siyo hadithi. Ni dada yetu, ni jirani yetu.

Mutasema sisi hatuna mizabibu. Tuko na zaidi. Sheria ya migodi ya 2018 inagawa redevance, ile feza kampuni inalipa kwa madini inayotoa, hivi: 50% serikali ya Kinshasa, 25% jimbo, 15% eneo lenye mgodi, 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Hilo ndilo shamba letu, kwenye karatasi. Lakini mzabibu unazaa tena mwaka kesho. Kobalti ikitoka, imetoka. Beaune wanauza matunda, sisi tunauza udongo wenyewe. Basi sisi ndio tungepaswa kuhesabu kwa ukali zaidi kuliko wao!

Watatuambia: "Muko na wivu." Wivu wa nini? Primus yetu inatutosha. Watatuambia tena: "Afadhali godoro kuliko bure." Sawa. Mama alale kwenye godoro, hatumnyang'anyi. Lakini anayetoa godoro asidhani amenunua kimya chetu.

Kwa hiyo, kamarade, tunaomba mambo matatu:

1. Mbele ya kushangilia karamu yoyote ya msaada, uliza: iliingiza ngapi, ilitumia ngapi, nani amepokea? Kama hesabu haisomwi mbele ya watu, usipige makofi, na usisambaze picha.

2. Kama mgodi uko kwenu, nenda kwa ofisi ya komini ama ya sekta. Musiende mmoja mmoja, muende wengi, kwa amani. Uliza 15% ya mwaka jana ilifanya kazi gani. Andika jibu. Wakikataa kujibu, andika vilevile.

3. Ukisikia mgonjwa amezuiliwa juu ya deni, usianze na kuchanga. Anza na kusema. Kuchanga tutachanga, tunachanga kila siku, lakini kuchanga kwa kimya kunawafichia wakubwa aibu yao.

Ndoto ya kukaa kwenye kiti kile cha Beaune siyo zambi. Zambi ni kukaa pale, kupiga makofi, na kurudi nyumbani bila kuuliza kwa nini kule mama anatoka lopitali na kwetu anafungiwa.

Siku dada yetu atatoka na mtoto wake bila kumpigia mtu magoti, siku hiyo mutualike kwenye divai. Tutakuja. Na makofi tutayapiga sisi wa kwanza.