Mbwa na Miguu ya Bwana Wake

Mtu akitafuta mbwa wa kulinda nyumba huuliza kwanza kama ni mkali. Sisi twamshauri ajiulize neno jingine: Je, mimi mwenyewe hutembea kiasi gani kila siku?

Mbwa wa Malines, wa asili ya Ubelgiji, alilelewa kwa kuchunga kondoo. Basenji ni wa misitu yetu ya Kongo. Wawindaji humvika njuga shingoni kwa kuwa habweki kama wengine, naye hufukuza wanyama mpaka nyavuni. Wote wawili ni wa kazi tangu asili. Ukimfunga mmojawapo uani mchana kutwa, nguvu zake hazifi: huchimba, hulia, mwishowe huuma, na pengine aumwaye ni mtoto wa nyumba.

Mwenye kutembea saa nzima asubuhi na jioni aweza kumchukua mbwa wa namna hiyo. Bali baba arudiye kazini amechoka, na achague mbwa mtulivu aliyekwisha kukomaa, ambaye tabia yake yajulikana.

Mungu alitupa wanyama tuwatawale. Lakini kutawala si kutesa.