Songwe: Tusilifumbie Macho Suala la Mimba

Mji wa Tunduma ni mlango wa nchi yetu upande wa kusini-magharibi. Barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA hupita hapo, na shehena ya mataifa jirani hungoja zamu yake hapo usiku na mchana. Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016, una mpaka huo, una kahawa ya Mbozi na una wakulima hodari. Ni mkoa wenye neema. Lakini mkoa huo una jeraha ambalo hatuna budi kulitazama bila kuona haya.

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba nchini kote wasichana 22 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kupata mimba. Mkoani Songwe walikuwa 45. Hapakuwa na mkoa mwingine wowote uliofikia idadi hiyo. Maana yake ni kwamba karibu nusu ya mabinti wa umri huo walikuwa wamebeba mimba kabla ya kutimiza miaka 20, na wengi wao katika umri ambao mtoto wa mfanyakazi wa mjini bado anapangiwa zamu ya kuosha vyombo.

Mazungumzo yetu juu ya jambo hili kwa kawaida huishia kwenye maadili ya vijana. Hayavuki kufika mahali panapotisha zaidi, yaani yale yanayotendeka pale mimba isiyotakiwa inapoingia. Kuna majani na mizizi inayochemshwa usiku. Kuna vidonge vinavyouzwa kichochoroni bila maelezo. Kuna watu wasio na ujuzi wanaotumia vyombo visivyo safi. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2013 mimba zipatazo 405,000 zilitolewa katika Tanzania, na kwamba wanawake wapatao 66,600 walitibiwa katika vituo vya afya kwa madhara yaliyofuata. Wako pia waliodhurika na hawakufika kituoni, kwa sababu waliogopa polisi kuliko walivyoogopa kifo.

Sheria yetu inasemaje? Kanuni za Adhabu zinaweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayejaribu kumtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, na hadi miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe. Papo hapo, kifungu cha 230 kinamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa maisha ya mama. Kwa hiyo si kweli kwamba sheria inamwamuru daktari kukunja mikono huku mama akifa. Aidha, kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imekwisha kuharibika, kwa sababu yoyote iwayo, si kosa. Ni wajibu wa mganga. Taabu ni kwamba mambo haya hayafahamiki vizuri, na hofu hujaza nafasi iliyoachwa na elimu.

Kuna wananchi wenzetu, wengi wao watu wa dini na wenye nia safi, wanaoamini kwamba uhai huanza tangu mimba inapotungwa, na kwamba hakuna mwenye mamlaka ya kuukatisha. Hoja yao haistahili kubezwa. Katiba yetu inatamka kwamba kila mtu ana haki ya kuishi, na jamii za Kiafrika tangu zamani zimemhesabu mtoto kuwa baraka. Kuna wengine wanaosema kwamba uhai wa mama nao ni uhai, na kwamba sheria inayomwacha afe kwa siri haijaulinda uhai wa mtu yeyote. Na hao nao si wahuni wala vibaraka wa ugeni. Taifa lililokomaa huwasikiliza wote wawili, kisha huamua.

Wako wanaodai kwamba mjadala huu umeletwa na wageni. Tuwakumbushe kwamba vifungu hivyo vya Kanuni za Adhabu ndivyo vilivyoletwa na wageni. Viliandikwa na utawala wa Mwingereza kutokana na sheria ya kwao ya mwaka 1861, na Mwingereza mwenyewe alibadili msimamo wake mwaka 1967. Hatusemi kwamba tumfuate. Kumwiga leo ni utumwa ule ule wa kumwiga jana. Tunasema kwamba sheria ya Watanzania itokane na fikra za Watanzania.

Fikra hizo za Kiafrika zipo. Mwaka 2003 Umoja wa Afrika ulipitisha mjini Maputo Itifaki ya Haki za Wanawake, na Tanzania iliiridhia mwaka 2007. Itifaki hiyo inazitaka nchi wanachama ziruhusu mimba itolewe kitabibu pale ilipotokana na ubakaji au uhusiano wa maharimu, na pale inapohatarisha afya au maisha ya mama. Lakini kwa utaratibu wetu, mkataba haugeuki kuwa sheria ya nchi mpaka Bunge liutungie sheria. Tulitia ahadi mbele ya Afrika nzima, na ahadi ni deni.

Hebu tufikiri habari ya mtoto wa miaka 13 aliyebakwa na jamaa wa nyumbani. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inamwita mtu yule mbakaji, na inampa adhabu kali. Lakini mtoto yule yule akijaribu kuiondoa mimba ya mbakaji wake, yeye naye anahesabiwa mkosaji. Hapo sheria mbili za nchi moja zinapingana juu ya mwili wa mtoto mmoja. Kwa maoni yetu, hapo ndipo Bunge linapopaswa kuanzia. Mtu anaweza kuupinga utoaji mimba kwa jumla, na bado akakubali kwamba mtoto huyo hastahili kuadhibiwa mara mbili.

Jirani zetu wa ng'ambo ya Tunduma wana funzo la kutupa. Zambia ilitunga sheria ya kuruhusu mimba itolewe kwa masharti mwaka 1972. Lakini sheria hiyo ilitaka madaktari watatu wakubaliane, mmoja wao akiwa bingwa, isipokuwa wakati wa dharura. Katika nchi yenye upungufu wa madaktari, ruhusa ya namna hiyo ilibaki kwenye karatasi kwa wanawake wengi wa vijijini, nao wakaendelea kwenda vichochoroni. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba kubadili sheria peke yake ni kumaliza kazi. Sheria isiyo na zahanati, mganga na elimu ni kivuli tu.

Hapa tunawageukia walimu na watumishi wa umma. Kanuni za mwaka 2002 zilitumika kuwafukuza shule wasichana wenye mimba, nao wengi waliona njia mbili tu: kuacha masomo, au kuitoa mimba kwa siri. Novemba 2021 Serikali ilifungua mlango wa tatu, ikawaruhusu warudi darasani baada ya kujifungua. Mwalimu anayemkejeli binti aliyerudi anaufunga mlango huo kwa ulimi wake. Mganga anayemtukana mgonjwa anayetoka damu anawafundisha wengine kumi wasije hospitali. Na afisa anayepatanisha familia mbili kwa ng'ombe na fedha, ili aliyempa mwanafunzi mimba asifikishwe mahakamani, anavunja sheria iliyoweka kifungo cha miaka 30 tangu mwaka 2016.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Msimamo wetu ni huu. Kwanza, elimu ya uzazi na huduma za uzazi wa mpango zifike Momba na Ileje kama zinavyofika mijini, kwani mimba iliyozuiwa haina haja ya kutolewa. Pili, Wizara ya Afya ihakikishe kila mtoa huduma anajua sheria inamruhusu nini katika kuokoa maisha ya mama. Tatu, Bunge liijadili ahadi yetu ya Maputo hadharani, likianza na watoto waliobakwa.

Chama hiki kilirithi kwa TANU imani kwamba binadamu wote ni sawa. Binti wa Tunduma ni binadamu. Tumhesabu.